Kurasa za Kati

Tangu asubuhi Fundi alikuwa kama kuku anayetaka kutaga. Anakaa kwenye cherehani, anakanyaga kidogo, anainuka kwenda mlangoni. Anaangalia barabara isiyo na jipya, anarudi, anatafuta mkasi ambao ameushika mkononi. Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi yake akaondoka nayo bila zipu, na hakuna kati yao aliyegundua. Ungemuuliza ana nini angekwambia ni joto. Joto gani, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka ndoo za uani zikafurika?

Kilichomkosesha raha ni swali la bintiye. Mtoto huyo aliitwa Chiriku. Baba yake ndiye aliyempachika jina hilo, maana alipoanza kuongea hakujua pa kunyamazia. Sasa alikuwa kigoli wa miaka kumi na mitatu, na jina lilikuwa limekwisha kumpwaya. Siku nzima ilipita usisikie kwake zaidi ya shikamoo na asante. Lakini asubuhi hiyo, akichovya mkate kwenye chai, alisema bila kuinua macho, “Mama, mtu akiambiwa baba yake yuko safarini, halafu harudi, huwa yuko wapi?”

Fundi aliuliza nani amemfundisha maswali hayo. Chiriku akajibu kwamba ni kitabu cha maktaba ya shule, kina msichana ambaye baba yake alisafiri. Kisha akaosha kikombe, akabeba mkoba, akaenda zake, akamwachia mama yake hilo kaa la moto mkononi.

Sasa, baba yake Chiriku hakuwa safarini. Alikuwa gerezani. Alikuwa dereva wa lori, na siku moja aliendesha amelewa, akamgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara na ndoo yake, akakanyaga mafuta akakimbia. Mwanamke alifia palepale. Dereva akakamatwa, akafungwa, na alistahili. Fundi mwenyewe alisema alistahili, tena alimwambia usoni. Ila mtoto alikuwa mdogo, na mtoto mdogo haambiwi mambo kama hayo, au ndivyo Fundi alivyojiambia. Basi Chiriku akaambiwa baba amepata kazi ya kuendesha malori nchi za mbali sana, huko ambako simu hazishiki. Wakahama mji, wakaja mahali ambapo hakuna aliyewajua, na uongo ukapata pa kulala.

Tatizo la uongo ni kwamba unakula. Mwanzoni ulishiba kwa maneno matupu, baadaye ukataka vitu. Kila mwisho wa mwaka baba “alituma” zawadi: mara viatu, mara mkoba, na mara ya mwisho gauni la buluu lenye madoa meupe, limefungwa kwenye karatasi nzuri kama limetoka dukani. Chiriku alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema asante. Hakulivaa tena. Fundi akadhani limembana kwapani, akakusudia kulipanua, akasahau.

Basi badala ya kumjibu mwanawe, alifunga duka mchana kweupe akaenda kukishtaki kitabu.

Alimshtakia Mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Huyu alikuwa mama mwenye duka la dawa, mwanamke wa miwani na msimamo. Watu walipenda kumcheka kwa ukali wake, lakini kifungua mimba wake aliacha shule akiwa na tumbo, na tangu hapo hakuwa na mzaha na lolote linaloingia kichwani mwa mtoto. Kitabu hicho alikwisha kusikia habari zake. Kuna mzazi alilalamika kwamba ndani yake msichana na mvulana wanakutana nyuma ya tangi la maji, na kwamba huyo msichana anawajibu wakubwa ovyo. Fundi akaongezea la kwake, akalitia na chumvi. Akasema kitabu kinawafundisha watoto kuwapeleleza wazazi wao. Hakusema kwa nini hilo linamuuma. Mwenyekiti naye akafunga duka lake, wakaongozana hadi shuleni.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole aliyependa shari ipite mbali na mlango wake. Aliwasikiliza, akafuta uso, akasema jambo moja tu la maana. Hawezi kuondoa kitabu maktabani kwa sababu ya watu ambao hawajakisoma. Wakisome, Jumamosi waje mkutanoni waseme walichokiona. Mkutubi akakileta. Alikuwa binti mrefu, mwenye kutembea haraka, na alikikabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto kwa watu asiowaamini. Akasema nakala ni hiyo moja, vitabu vyake haviruhusiwi kutoka nje ya maktaba, na kuna watoto wako katikati ya kukisoma. Mwenyekiti akamwambia hao watoto watapumzika.

Hapo ndipo kamati ilipofanya kituko ambacho kamati nyingine yoyote ingeona haya kukifanya. Kitabu kilikuwa kinene na Jumamosi ilikuwa karibu. Kamati hii ilikuwa na desturi yake: kila kazi inagawanywa. Walipopaka rangi madarasa kila mtu alipewa ukuta wake, na walipochimba mtaro kila mtu alipimiwa hatua zake. Kwa hiyo walipokutana jioni dukani kwa Fundi, wakizunguka meza yake ya kukatia nguo, Mwenyekiti alisema hakuna sababu ya mtu mmoja kuumia na kitabu kizima. Kigawanywe, kila mtu asome kipande chake, Jumamosi wakusanye.

Mzee Posta, aliyestaafu kutoka posta na bado alinusa kila karatasi kabla ya kuisoma, aliuliza kama si kuharibu mali ya shule.

“Si fundi tunaye?” alisema Muuza Nyama. “Akikikata, atakishona.”

Wakacheka, na jambo likaisha. Fundi alichukua mkasi wake mkubwa, akakilaza kitabu kifudifudi, akakichuna mgongo. Vilikuwa vipande vitano: cha kwanza cha Mzee Posta, cha pili cha Mwenyekiti, cha tatu cha Fundi, cha nne cha Muuza Nyama, na cha mwisho cha Kinyozi, ambaye hakuwepo na hivyo hakuwa na la kubisha. Mahali fulani kati ya kurasa palikuwa pamechomekwa kitambaa chembamba kama utepe, cha buluu, chenye madoa. Fundi maisha yake yote ni vitambaa. Macho yaliona, akili ilikuwa mbali. Alikitoa akakidondosha chini pamoja na vingine, akapitisha mkasi palepale, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimezoea kufunguka hapo. Kesho yake Chiriku ndiye aliyefagia.

Fundi alisoma kipande chake akiwa kwenye cherehani, mguu juu ya kikanyagio, kana kwamba akiacha kushona atakuwa amekubali kusoma. Kilianzia msichana akiwa amepanda basi kwenda kwenye ofisi ambayo, kwa maelezo ya mama yake, ndiyo iliyomwajiri baba. Anafika. Karani anatafuta jina, halipo. Anatafuta tena, kwa huruma tu. Kisha anavua miwani na kumwambia mtoto, arudi nyumbani akamuulize mama yake. Msichana anarudi kwa miguu, nauli imekwisha, na kurasa nzima anatembea akipanga maneno. Fundi akasahau kukanyaga. Msichana anafika, anamkuta mama anapepeta mchele, na maneno yote aliyoyapanga yanamtoka, linabaki moja. Anamwambia mama yake, wewe ni muongo.

Sindano ilikuwa tayari imemwingia kidoleni wakati huo, na alikuja kuigundua baadaye.

Alitegemea mama wa kwenye kitabu ampige mtoto. Angempiga, Fundi angekuwa na la kusema mkutanoni, na pengine roho yake ingetulia. Hakumpiga. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho ulisema kwamba mama aliweka ungo chini, akavuta kiti, akaketi, akasema. Na hapo ndipo mkasi ulipopita. Fundi aligeuza ukurasa, akakuta mkono wake mwenyewe.

Akasema nini?

Alisimama, akaketi. Alipasha pasi na hakupiga pasi kitu. Alikuwa ameishi miaka na swali hilohilo. Alikuwa amelitafutia maneno jikoni, bafuni, kwenye foleni ya maji, na kila alipoyapata yalikuwa ya kumwua mtoto. Sasa kuna mwanamke, wa kwenye karatasi sawa, lakini mwanamke, aliyevuta kiti akayasema. Na maneno yenyewe yalikuwa yamelala buchani. Alijua ni upuuzi kwenda kuyatafuta. Akavaa viatu akaenda.

Bucha ilikuwa imejaa. Muuza Nyama alikuwa anakata mbavu, aproni imemganda tumboni, na kipande chake cha kitabu kilikuwa pembeni ya mizani, kimekandamizwa na jiwe la kunolea visu. Fundi aliomba akione mara moja tu. Kilianzia mama na mtoto wakiwa ndani ya basi.

“Ukurasa wa kwanza uko wapi?”

Muuza Nyama alifikiri, huku shoka liko hewani. Akasema ule wa juu ulilowa damu, ukanata kwenye kaunta, akautupa. Ni ukurasa mmoja tu, na kitabu kilikuwa na mamia.

“Ulikuwa umeshausoma?”

“Nimeusoma, ndiyo.”

“Mama yake alisema nini?”

Watu kwenye foleni waligeuka. Muuza Nyama alijitahidi kwa moyo wake wote, ungemwona hata jasho linamtoka. “Alisema maneno,” alijibu hatimaye. “Mengi. Mimi nilikuwa nakata mbavu. Kisha nadhani wakalia.”

Fundi akasoma mistari michache ya ukurasa uliofuata, palepale kaunta, akipigwa vikumbo na wenye vikapu. Mama na mtoto wameketi kiti kimoja, mtoto dirishani. Wameshikana mikono. Wanakokwenda hakujatajwa, huenda ni kaburini, huenda ni kwingineko. Muuza Nyama akakidai kipande chake, akisema hiyo ndiyo kazi aliyopewa na Mwenyekiti atamkalia kooni akienda mikono mitupu. Fundi akamwachia. Alikuwa ameona alichokiona. Kulikuwa na maneno ambayo mama anaweza kuyasema na bado mtoto akampa mkono, na maneno hayo yalikuwa yametupwa pamoja na mifupa.

Siku zilizobaki hazikumpa nafasi ya kupumua. Alishona mkono wa kushoto kulia, akafumua, akaushona tena kulekule. Chiriku akirudi shuleni, Fundi alikumbuka ghafla kwamba vifungo vimekwisha, akatoka. Wakikaa mezani aliongea yeye peke yake, habari za wateja, habari za mvua, na mtoto akamtazama kama mtu anayemsubiri mwingine amalize kukohoa. Swali la safari halikurudiwa. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Jumamosi wazazi walibanana kwenye madawati ya wanafunzi, magoti juu, wengine wakaona afadhali kusimama. Mwalimu mkuu alikaa mbele. Mkutubi alisimama karibu na dirisha, hakutulia, mara akunje mikono, mara aikunjue. Mwenyekiti alifungua mkutano kwa kusema kamati imekisoma kitabu chote, na hilo, ukitaka kuwa mkarimu, lilikuwa kweli.

Mzee Posta alianza. Alisema kipande chake hakina ubaya wowote, kina msichana na baba yake wanatengeneza baiskeli, na mvua imeelezwa vizuri mpaka yeye mwenyewe alisikia baridi. Alipoulizwa baba alikwenda wapi, alishangaa. Kwake baba alikuwepo. Mwenyekiti akafuata. Yeye alikuwa na tangi la maji, na alilisoma mara kadhaa ili asije akamsingizia mtu. Akasema kwa haki kwamba hao watoto wawili nyuma ya tangi walishikana vidole tu, lakini vidole ndiyo mwanzo, na anayebisha aje amuulize yeye yaliyomkuta. Hakuna aliyebisha, na kwa muda kidogo hakuna aliyecheka. Muuza Nyama alitoa ripoti ya safari ya basi, akasisitiza kikapu cha chakula. Kinyozi akamalizia na harusi. Ilikuwa nzuri sana, alisema, watu wamependeza, ila hakujua nani anaoa.

Darasa zima likaangua kicheko. Mkutubi hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo, “Kitabu chenyewe kiko wapi?”

Wakavitoa. Kimoja kwenye bahasha, kimoja kwenye mkoba, kimoja kwenye gazeti, cha Muuza Nyama kwenye mfuko wa plastiki, kinanuka. Fundi alikuwa na chake chini ya kanga. Mkutubi alivitazama kwa zamu, na machozi yakamtoka hadharani, machozi ya hasira, wala hakuyafuta. Akasema aliwapa kitabu wakisome, na hakuna hata mmoja aliyekisoma. Mmoja amesoma mvua, mwingine harusi.

Mwenyekiti aliona mambo yanateleza. Akamgeukia Fundi, akawaambia wazazi kwamba lalamiko zito ni la huyu mwenzao, na kipande chenye sumu anacho yeye. Msichana anamwita mama yake muongo. Asimame awasomee, watu wasikie kwa masikio yao.

Fundi akasimama. Kipande kilikuwa mkononi. Alifungua kinywa, akaona wazazi wote wamemgeukia, akaona ile sentensi ya mwisho inavyoning'inia pale chini.

“Kitabu hakina kosa,” alisema. “Lalamiko langu naliondoa.”

Mwenyekiti alimuuliza kama anaumwa. Akamuuliza, kwa sauti ya chini lakini ya kukata, kama anajua ni nani aliyemfungisha duka la dawa mchana na kumleta hapa mbio. Fundi akasema anajua, na anaomba radhi, na zaidi ya hapo hana. Kelele zikazuka. Waliotaka kitabu kiondolewe wakataka kura ipigwe, wasiotaka wakauliza ipigwe juu ya nini. Mwalimu mkuu akapata mwanya wake. Akasema kwa upole kwamba kwa anavyoona hakuna kitabu cha kuondoa wala cha kurudisha, na mkutano umefungwa. Watu walitoka wakilaumiana, kila mmoja na kipande cha ukweli.

Fundi alikuwa anajipenyeza mlangoni wakati Mkutubi alipomshika mkono. Alidhani anakwenda kupewa vidonge vyake, akajiandaa. Lakini binti yule alikuwa amechoka.

“Chiriku ni mwanao, sivyo?” aliuliza. “Kila mapumziko anakuja kuniuliza kama kitabu kimerudi. Nimwambie nini?”

Fundi akasema atakishona. Mkutubi akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba mtoto huyo alikuwa anakisoma polepole mno, kurasa mbili tatu kwa siku, kama anayeogopa kufika. Aliishia mahali pamoja akakaa hapo muda mrefu, akaweka alama yake, kitambaa cha buluu chenye madoa meupe, na wenzake wote walijua kitambaa hicho hakiguswi. Yeye Mkutubi alikikuta huko na akamwachia, kwa sababu alielewa.

Fundi akauliza, “Ulielewa nini, mwalimu?”

“Mtoto aliyefiwa na baba.” Mkutubi akashusha sauti. “Samahani, mama. Tangu aniambie sijapata nafasi ya kukupa pole.”

Fundi alisema asante. Ndivyo mdomo ulivyojibu, maana mdomo umezoea kujibu pole. Kisha akatoka nje, akapita uwanjani, akavuka barabara bila kuangalia upande wowote. Kichwani mlikuwa na kitambaa tu. Siku ile aliposhona gauni la zawadi alikusanya mabaki yote, akayatia kwenye moto wa jikoni, akahakikisha. Kumbe kimoja kiliponyoka chini ya cherehani, na mwenye kufagia akakiokota. Chiriku alijua tangu siku ya kwanza gauni limeshonwa wapi. Akavaa, akageuka mbele ya kioo, akasema asante. Kisha akakaa peke yake akafanya hesabu zake: baba ambaye zawadi zake zinashonwa na mama ni baba asiyeweza kutuma kitu. Akamwua, akamlilia, akapokea pole shuleni, akarudi nyumbani kila siku kusema shikamoo.

Fundi alianza kukimbia. Mwanamke mzima, na viatu vya mkutanoni.

Chiriku alikuwa dukani, anapanga nyuzi kwa rangi kwenye kopo. Alimwona mama yake anahema, akaona karatasi mkononi, akafuta viganja kwenye sketi. Fundi akampa. Mtoto aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akatoa mfukoni kile kitambaa cha buluu, akakilaza gotini, akaanza kusoma.

Alisoma polepole, na Fundi akazunguka chumba. Alisogeza pasi. Alikunja kanzu iliyokwisha kukunjwa. Alichungulia mlangoni, akarudi. Alijua kwa kumtazama usoni sasa mtoto yuko ofisini kwa karani, sasa yuko barabarani kwa miguu, sasa amefika. Midomo ya Chiriku ilitikisika kidogo kwenye lile neno moja. Kisha akafika chini, akageuza ukurasa.

“Akasema nini?”

“Ukurasa umepotea,” alisema Fundi. “Muuza Nyama aliutupa. Nilikwenda kuutafuta.”

Chiriku alimtazama. Akakunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. “Baba amekufa?”

“Wa kwenye kitabu sijui, mama. Sikufika huko.”

“Wangu.”

Mkasi ulikuwa mezani, na mkono wa Fundi ulikwenda kuuchukua wenyewe, ukaurudisha. Maneno ya yule mwanamke hayakuwepo. Yaliyokuwepo ni ya kwake, yale ya jikoni na ya foleni ya maji, na hakuna hata moja lililokuwa limelainika. Akavuta kiti cha cherehani. Akaketi.

“Baba yako hajafa,” alisema. “Amefungwa. Aliendesha gari amelewa, akagonga mtu, akakimbia. Huyo mtu akafa. Hajawahi kwenda nchi za mbali, na hajawahi kukutumia kitu. Zawadi zote nilinunua mimi, na gauni nililishona mimi.”

“La gauni nilijua,” alisema Chiriku.

Kisha akainamisha kichwa kwenye magoti, na mabega yakaanza kutikisika. Fundi alitaka kuinuka amfuate, akajizuia, aliona hana haki hiyo bado. Mtoto alilia kwa hasira, akisema kwa vipandevipande kwamba yeye alikwisha kumzika, kwamba darasa zima lilichanga maua ya karatasi, kwamba kila akilala alimwona amelala peke yake mahali asipopajua, na mama yake wakati wote huo anajua, anajua, na anaongea habari za vifungo. Fundi hakujitetea. Alisema ndiyo. Alisema ndiyo tena.

Mvua ilianza tena, ikapiga kwenye bati. Chiriku akainua uso, umevimba, akajifuta kwa kile kitambaa. Na hapo maswali yakaanza kumtoka. Gereza liko wapi. Linafikika kwa basi? Wanaruhusu watoto? Anakula nini huko? Anajua yeye yuko darasa la ngapi? Atatoka lini, na akitoka atakuja hapa au hatakuja? Yalikuja bila kupumua, moja juu ya jingine, na Fundi aliyajibu yote kadiri alivyojua, akamwambia siku za kutembelea, akamwambia wataenda wote. Ilikuwa siku nyingi hajamsikia mwanawe akiongea hivyo. Akaanza kuamini kwamba mkono ungekuja, kama ule wa kwenye basi.

“Huyo mtu aliyegongwa,” aliuliza Chiriku. “Alikuwa nani?”

“Mwanamke. Alikuwa ametoka kuchota maji.”

“Alikuwa na watoto?”

Fundi alitazama mikono yake. “Alikuwa nao. Wawili. Wadogo.”

Chiriku akazilinganisha kurasa gotini, akapachika kitambaa cha buluu juu ya ule wa mwisho, pale palipokatika.

“Na wao,” alisema, “waliambiwa mama yao amekwenda wapi?”